Ndege ya Angani Niliyokudai Mbele ya Jeneza

Mtani wangu Maganga,

Wanaisimulia vibaya. Wote. Kuanzia stendi hapa Korogwe mpaka kwa ndugu zangu Handeni, kila mwenye mdomo ana ya kwake. Kuna wanaosema Mhina alilala mbele ya jeneza la rafiki yake akadai ndege, ndege ya kweli, ya kupanda. Kuna wanaosema nilidai gari. Juzi kinyozi wa Manundu, ambaye siku ya mazishi yako hata hakuwepo, alikuwa anamweleza mteja kwamba yule mzee kile kitu alikuwa anakitaka mwenyewe siku nyingi, akaona msiba ndiyo nafasi. Na mimi nimekaa pale pale kwenye benchi nasubiri zamu. Nikainuka. Niliondoka na nywele zangu.

Sasa nakuandikia wewe, kwa sababu wewe ulikuwepo. Hata pale njiani ulikuwepo, ingawa ulikuwa umelala. Mwandiko usiucheke. Ni ule ule wa kisomo cha watu wazima, mwalimu alikuwa akiutazama anauliza kama kuku amepita juu ya karatasi. Wewe ulikuwa unaninong'oneza majibu, nikiyaandika yanakuwa makosa, tunapata sifuri wote wawili tunarudi nyumbani tunacheka.

Ngoja nikupe habari kwanza. Mvua imekuja vibaya. Handeni wameanza tena kuangalia juu, na najua ungesema nini, ungesema Mzigua akiona wingu anaitisha kikao. Sema basi. Siku hizi hakuna anayenitania. Nikipita kijiweni Masuguru wananiamkia, shikamoo mzee, marahaba, basi, wananipisha nikae. Wananiheshimu, Maganga. Ni kitu kibaya sana. Hakuna wa kuniuliza kama nimeoga. Na mimi sina wa kumwambia kwamba baba yake aliletwa na lori kutoka Tabora kuja kukata mkonge, akasahau njia ya kurudi. Nimemjaribu mwenye duka, nikamwambia kichwa chake kama kibuyu. Akaniuliza kama naumwa.

Kazi ipo kidogo. Watu wanataka bloku za saruji. Lakini tofali langu la kuchoma halina mpinzani, unalijua, uliligonga kwa mwiko wako nusu ya nyumba za Manundu. Si unakumbuka lile lililomwangukia mbuzi wa yule bwana wa Kilole? Mbuzi alikufa. Tofali halikuchubuka. Tulilijengea, mpaka leo liko ukutani.

Haya. Hadithi yenyewe ilikuwa hivi.

Ulikwenda Dar kuonwa na daktari, ukasema huendi bila mimi, kwa sababu huko utakaa na wagonjwa na wagonjwa wanaongea magonjwa tu. Tukafikia kwa mwanao Rama. Siku tumetoka hospitali Rama akatupitisha kwenye duka moja kubwa lenye ngazi zinazotembea zenyewe. Mimi nilizipanda bila kushika, mikono nyuma, kama bwana shamba anayekagua mahindi. Wewe uling'ang'ania pale pembeni mpaka Rama akakubandua. Usibishe, huwezi. Tulipofika juu Rama akatuacha, akashuka kutafuta dawa zako. Tukabaki sisi wawili na kioo.

Ndani ya kioo kulikuwa na ndege ya angani. Ile ya kwendea kwenye nyota. Ya kijivu, ndefu kama mbuzi aliyelala, na hapo siongezi chumvi. Yote imejengwa kwa vitofali. Vitofali vya plastiki, vingine vidogo kama punje ya hindi, vimeshikana bila saruji, bila udongo, bila tone la maji. Mwashi na mfyatua matofali, tumesimama pale midomo wazi kama watoto wa chekechea.

Msichana wa dukani akaja akatuamkia, akatueleza. Akasema hii siyo ya watoto, ni ya watu wazima, wale wanaokusanya. Unanunua boksi, vitofali vimo ndani kwenye vifuko, na kuna kitabu. Kitabu chenyewe hakina maneno. Ni picha tu, unafuata picha moja baada ya nyingine mpaka ndege imesimama. Kitabu kisicho na maneno, Maganga. Ndicho kitabu pekee duniani mimi na wewe tungekimaliza.

Halafu akasema wako wanaonunua na hawafungui. Wanaweka boksi juu ya kabati, linakaa tu. Kiwanda kikiacha kuitengeneza, bei inapanda. Tulicheka mpaka mlinzi akasogea. Ulisema kumbe Korogwe nzima ni wakusanyaji, maana kila kiwanja kina rundo la matofali yaliyoota nyasi na mwenyewe anakwambia yuko mbioni kujenga.

Akataja bei. Ilikuwa bei ya Zawadi, ng'ombe wako, pamoja na ndama wake. Tukaacha kucheka.

Sasa hapa ndipo watu wanapoharibu. Wewe ndiye uliyebaki kwenye kile kioo. Mguu wako mbovu unakutesa, paji la uso limegusa kioo mpaka kimeota ukungu, ukasema taratibu, "Mhina, nataka nijenge kitu kimoja kabla sijafa, kisicho na mwenye nyumba nyuma yangu ananiambia fanya haraka." Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu. Na ndivyo ninavyowaambia mpaka leo.

Njia nzima ya kurudi tulibishana. Inafaa, haifai. Mzee mzima na mdoli. Siyo mdoli, ni ujenzi. Ng'ombe anakunywesha chai, ile itakunywesha nini? Tulipofika Segera abiria wote walikuwa wameingia kwenye ubishi, nusu upande huu, nusu upande ule, mpaka kondakta akatoa hukumu kwamba tununue nusu ndege. Tukaahirisha. Tukasema tutaamua ukipona.

Hukupona.

Sikuandikii kuhusu siku zile. Wewe unazijua kuliko mimi.

Siku ya mazishi mimi nilikuwa na kazi moja. Mnyamwezi amekufa, Mzigua yupo, basi Mzigua halii. Ni mtani, kazi yake kuwachekesha wafiwa hata kama na yeye amefiwa. Nikavaa kofia yako. Nikachukua mwiko wako. Nikatembea na mguu wako, hivi, kama mtu anayekanyaga mtumbwi. Nikawafokea wanaokwenda kuchimba kaburi kwa sauti yako, "Leta tofali, usilete hadithi." Si ndivyo ulivyonifokea miaka yote, wewe uko juu jukwaani na mwiko, mimi chini nakurushia tofali huku namsimulia mwenye nyumba habari za chui? Walicheka. Sheikh aligeukia pembeni akakohoa. Kule ndani wanawake wakacheka. Lakini mimi nilikuwa nimetega sikio langu kwa shemeji Mwajuma, mkeo, maana kicheko chake nakijua, kinaanza chini kama maji ya chungu yanayochemka. Hakikuwemo.

Ukatoka. Pale njia inapoingia makaburini nikalala chini, katikati, nikakuzuia. Unajua inavyokuwa. Mtani anadai, watu wanaguna, anapewa jogoo au hela ya soda, anaamka, safari inaendelea. Mimi nilikuwa nataka jogoo. Nakuapia. Yule mwekundu wenu anayewika saa za ovyo. Lakini nilipolala pale nikaona miguu ya waliokubeba, viatu vya watu wote, na wewe juu huna kiatu, mdomo ukasema wenyewe, "Mnyamwezi huyu hapiti mpaka nipewe ile ndege yetu ya angani." Nikaieleza. Nikaeleza mpaka bei. Nikaeleza mpaka yale maneno ya kwenye kioo.

Watu wakaangua kicheko. Rama hakucheka. Alikuwa ameshika mbele, bega la kulia. Akasema, machozi yanamwingia mdomoni, "Utaipata, baba mdogo. Amka."

Kicheko kikakatika. Na wewe unajua ubaya wake. Dai la mtani likikubaliwa mbele ya jeneza siyo utani tena. Limekuwa deni la marehemu. Na mimi mwenyewe siwezi kulifuta kwa mdomo, lazima nipokee kitu mkononi kutoka nyumba ya wafiwa, watu wakiona. Nikaamka, nikajipangusa. Ukapita.

Nilifikiri yule kijana atasahau. Hakusahau, ni mwanao. Baada ya arobaini akaja kwangu na simu. Shikamoo baba mdogo, marahaba, akakaa, akanionyesha. Ndege ile ile. Akasema amepiga dukani, bado ipo, na Zawadi na ndama wake wanakwenda mnadani.

Nikamuuliza mama yake amesema nini. Akajibu, "Mama amesema kama ndicho baba alichokitaka, wauzwe."

Shemeji yumo kwenye eda, Maganga. Hatoki. Watu wanakwenda na chupa zao mlangoni, anawamiminia maziwa nyuma ya pazia, na hayo ndiyo sukari yake, ndiyo sabuni yake, ndiyo kila kitu. Zawadi ndiye anayemwamsha asubuhi. Nimesikia anamwongelesha. Na bado alisema wauzwe.

Rama siyo mjinga. Alinieleza vizuri. Ng'ombe anaugua, anakufa, anataka majani. Boksi halitaki kitu. Ukiliweka bila kulifungua ni akiba, siku ukiliuza unapata ng'ombe wawili. Nikalifikiria, usidhani sikulifikiria. Nilikaa siku nzima nyuma ya tanuri nalifikiria. Boksi lililofungwa siwezi kulikamua. Boksi lililofunguliwa siwezi kuliuza. Na nikilifungua, je? Nilijiona nimekaa sakafuni na vile vifuko, miwani yangu imefungwa kwa uzi, kitabu cha picha kiko wazi mbele yangu, nageuka kukwambia neno. Hapo nikaacha kufikiria.

Lakini nitalikataaje? Nikikataa tu, Rama anabaki na deni. Nikipokea, shemeji anabaki na zizi tupu. Nikamwambia Rama anipe siku kidogo.

Nikaenda mtoni nikachota udongo. Ule mwekundu mzuri, tuliokuwa tunauficha watu wengine wasiujue. Nikachukua kisanduku cha kiberiti, kile cha ndani, nikakifanya kibao cha kufyatulia. Nikafyatua vitofali, vidogo, vinalingana, vingi mpaka jirani akaniuliza kama najengea panya nyumba. Nikaviweka tanurini pamoja na vikubwa. Vilitoka vyekundu, Maganga, ukivigonga vinalia kama sahani. Katika kufyatua hakuna wa kunifundisha, huku chini wala huko uliko.

Halafu nikaanza kujenga.

Sitaki kulizungumzia sana hilo. Upande mmoja ulikuwa juu, upande mmoja ulikuwa chini. Bawa moja lilianguka, nikalishikiza kwa udongo, likaanguka la pili. Pua yake iliangalia Tanga wakati mkia unaangalia Moshi. Maisha yangu yote nimekuwa natazama mikono yako kutoka chini nikidhani ni kazi rahisi. Nilipomaliza kulikuwa na kitu. Siwezi kusema ni nini.

Nikakipakia kwenye toroli nikakipeleka kwako asubuhi, saa ya maziwa, ili watu wawepo. Rama nilimwita. Nikakiweka barazani mbele ya mlango. Nikasema kwa sauti kubwa, "Shemeji, nimekuletea deni la mumeo ulione."

Pazia likasogea kidogo. Watu na chupa zao wamesimama.

Akauliza, "Shemeji Mhina, hilo ni jiko?"

Nikasema, "Siyo jiko. Ndiyo ndege ya angani."

Pazia likasogea tena. Halafu akasema, "Naona imeshaanguka."

Na mimi nikajibu kama ungejibu wewe, kwamba haikuanguka, ilitua kwa Kizigua.

Nikakisikia. Kilianza chini, kama chungu. Kikapanda. Alicheka shemeji yule, mpaka akaketi, maana nilisikia bangili zikigonga sakafu. Watu wote wakacheka, na kitu chenyewe kikachagua wakati ule ule kuangusha pua. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kikawa kile kingine, cha machozi. Tukamsubiri. Hakuna aliyeondoka. Jirani mmoja akaingia ndani kumshika. Ilikuwa mara ya kwanza, wanasema, hata kile kingine, tangu ulipotoka mlango ule.

Alipotulia nikasema mbele ya wote, "Wafiwa, nina kiu. Nipeni kikombe cha maziwa ya Zawadi, nami namwachia Mnyamwezi wenu apite, hana deni." Mkono wake ukatoka chini ya pazia na kikombe. Kile cha bati chenye ua, chako. Nikanywa chote, wamesimama wananitazama. Nikakigeuza wakaona kitupu. Basi. Hudaiwi, Maganga. Wala na mimi, wala na mtu.

Rama alinisindikiza mpaka barabarani anasukuma toroli. Hakufurahi kama nilivyotegemea. Alikuwa anaangalia chini. Akasema, "Lakini baba alikuwa anaitaka kweli, baba mdogo. Kitu kimoja katika maisha yake, na mimi sikumpa."

Nilichukua toroli mikononi mwake. Nikamwambia arudi, mama yake asibaki peke yake. Nikaondoka nalo haraka, na wewe unajua kwa nini.

Kwa hiyo sikiliza. Kuna matofali mapya nimeyapanga tanurini, makubwa, ya kuzungushia kaburi lako. Siyo ya kuuza. Hii karatasi naiingiza humo humo katikati kabla sijawasha, maana posta nyingine ya kukufikia siijui. Na sitamwita fundi. Nitayapanga mimi mwenyewe, na mwiko wako, shemeji ameniachia. Litapinda. Utalala ndani yake hivyo hivyo, na utanisubiri nije unifokee ana kwa ana. Zawadi haendi mnadani mradi mimi naweza kulala barabarani, na unajua naweza.

Na eda ikiisha, mama yake akiwa amekaa pale nje anaweza kunicheka vizuri, nitamwambia Rama ukweli. Wewe hilo unalijua tangu mstari wa kwanza, nimeona unavyonitazama. Yote niliyoandika hapa ni kweli, hata ya mbuzi. Isipokuwa pale kwenye kioo. Paji la uso lililokuwa kwenye kioo lilikuwa langu. Yale maneno ya kujenga kitu kimoja kabla sijafa niliyasema mimi. Wewe ungeitakia nini, una Manundu nzima imesimama kwa mikono yako. Mimi ndiye niliyefyatua miaka yote sikujenga hata choo. Kinyozi yuko sahihi, Mungu amsamehe.

Wewe ulikuwa umenishika mkono tu, mguu unakuuma, unataka kukaa. Ukanitazama. Hukunitania, na hapo ningepaswa kujua kwamba unaumwa sana. Ulisema, "Basi tutaichukua. Safari hii wewe ukae juu na mwiko. Mimi nitakuwa chini nakupa tofali."

Lala salama, Mnyamwezi.

Mtani wako,
Mhina